Siku Tisa za Seyyid Jaifar

Kaka yangu Zahor ana tabia moja inayonichosha: kitu asichokijua hukijaza mwenyewe, na baada ya mwezi hukiamini kuliko mtu aliyekuwapo. Mimi ni mdogo wake, Balqis, mkaguzi wa shule mstaafu. Miaka thelathini nimelipwa mshahara kwa kuona makosa ya watu, basi mniwie radhi nikisema bila kuzunguka kwamba kosa kubwa la ukoo wetu nililigundua mimi. Nililigundua sebuleni kwangu, Al Khuwair, huku Omani, Jumatatu baada ya alasiri, wiki ile ile ya akdi ya ndoa ya Shurooq.

Shurooq ni binti wa Zahor, lakini nimemlea mimi tangu mama yake alipofariki, akiwa na miaka sita. Sasa yuko wizarani, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kwangu, na bado huenda kwa gari na kurudi akilalamika foleni. Huko kazini ndiko alikokutana na Azzam, kijana mpole, asiyesema sana, anayemcheka Shurooq pale tu anapostahili kuchekwa. Nilimpenda siku ya kwanza. Tatizo halikuwa yeye, lilikuwa babu yake, Sheikh Bakhit, mzee wa bara ya Omani, wa milimani. Mzee aliambiwa kwamba bibi harusi ni wa watu waliotoka Unguja, akajibu kwamba watu hao amewasikia, wamesoma na wanapika vizuri, ila asili yao haijui. Aonyeshwe asili yao ndipo aje. Bila yeye, hakuna mtu wa upande wa Azzam ambaye angethubutu kukaa kwenye akdi.

Hapo Zahor akapata kazi aliyokuwa akiitamani maisha yake yote. Makaratasi ya ukoo yalibaki Unguja, na babu yetu mkubwa tunayemjua ni mmoja tu, Asaad, Mwomani aliyevuka bahari akafanya kazi ya kupika halua katika mitaa ya Mji Mkongwe. Zahor hakuipenda ile halua. Alitaka kitu kilichosimama juu yake, akakipata katika orodha ya dua.

Orodha hiyo nieleze. Kwetu hakuna shughuli ya harusi inayoanza kabla ya kuwaombea waliotangulia. Mkubwa wa nyumba husoma majina, kila jina na dua yake ya kuombewa msamaha, na watu huitikia amin. Jina la kale kabisa, ambalo hakuna aliyejua lilifikaje pale, ni Seyyid Jaifar. Zahor alijisemea kwamba kama ni Seyyid basi ni wa nyumba ya kifalme, na kama ni wa kale kuliko Asaad basi ni baba yake Asaad. Akaenda Mutrah kwa mwandishi wa khati za mapambo, akaagiza ubao wa urefu wa mlango, shajara nzima ya ukoo. Juu kabisa, kwa wino wa dhahabu, Seyyid Jaifar, na matawi yote yakitoka kwake mpaka kwa Shurooq. Sheikh Bakhit akapelekewa habari, akasema vizuri, Ijumaa anakuja kuuona ubao na kushuhudia akdi.

Jumatatu hiyo mimi nilikuwa nikiinakili upya orodha, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imechanika kwenye mikunjo. Aliyekuwa amekaa nami ni Bi Mkubwa Mwanamize, dada wa marehemu baba yetu, wa miaka tisini na tatu, ninayeishi naye. Macho yake yamekwisha lakini masikio yake yanasikia hata usilolitaka. Nilikuwa nikimsomea jina na dua yake ili anihakikishie, naye akiitikia amin kila mara. Nilipofika kwa Seyyid Jaifar, nikasoma, "Mola amsamehe na amfutie madhambi yake." Kimya.

"Bi Mkubwa, hujasema amin."

"Nimesikia."

"Basi sema."

"Sisemi. Sijasema tangu niko kigori, sitaanza leo."

Kumbe kweli! Nilirudi nyuma kichwani, harusi baada ya harusi, na kila mahali nikamwona amefunga midomo kwenye jina lile. Mkaguzi mzima, miaka yote hiyo, sikuliona.

"Kwa nini husemi?"

"Kwani kafanya nini hata asamehewe?" akanirukia. "Mtoto wa miezi saba, hata kukaa peke yake hajaweza, mie nnamwombea msamaha wa madhambi gani? Mnamkosea adabu. Mtoto ana dua yake."

Nikaiweka kalamu chini. Nikamuuliza taratibu, kama mtu anayemuuliza mtoto aliyevunja sahani, Seyyid Jaifar ni nani. Akanijibu pasi na haya yoyote. Alikuwa mtoto wa bibi yake yeye Mwanamize, mzaa baba yake, aliyeitwa Zafarani. Zafarani alikuwa suria wa Seyyid mmoja mzee wa nyumba ya kifalme kule Unguja, akamzalia Jaifar. Mtoto alikufa angali ananyonya. Baadaye sana ndipo Zafarani alipoolewa na Asaad, mpika halua, na sisi sote tukatoka hapo.

"Hakuoa, hakuzaa, hata kutembea hakutembea," akamaliza Bi Mkubwa. "Hilo Seyyid ni la baba yake. Mtoto wa Seyyid ni Seyyid hata akiwa katika nepi."

Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi. Ubao mzima wa dhahabu, matawi sitini na kitu, umeota kwenye kitoto kisichojua kutambaa! Kisha nikamkumbuka Sheikh Bakhit, na kicheko kikaniishia.

"Mbona hukutwambia siku zote hizo?"

"Nani kaniuliza? Baba yako alisema neno suria lisitajwe mbele ya watoto, mie nikanyamaza. Lakini amin ni yangu, siitoi pasipostahili."

Kesho yake asubuhi nilimkuta Zahor Mutrah, kwa mwandishi wa khati, nyuma ya barabara ya pwani. Meli kubwa ya watalii ilikuwa imetia nanga Bandari ya Sultan Qaboos, na wazungu wawili wenye kofia za jua walikuwa mlangoni wanaupiga ubao picha. Zahor alisimama pembeni kifua mbele, utadhani yeye ndiye aliyechorwa. Nikamvuta nyuma ya duka nikamwambia yote.

Aliniuliza swali moja tu kwanza: "Nani mwengine anajua?"

"Mungu."

"Balqis, sitaki mzaha."

"Simfanyii mtu mzaha."

Akakaa kwenye kiti cha mwandishi. Alikuwa amegeuka rangi. "Basi wataka niende kwa Bakhit nimwambie bibi yetu alikuwa suria, mtu wa kununuliwa, hata kwao hakujulikani wapi? Na babu yetu mpika halua? Ataondoka kabla ya kahawa. Wewe umemlea Shurooq, ndiyo wataka kumvunjia?"

Hilo liliniuma, na alijua litaniuma. Nikamwambia ubao wake autundike anapotaka, mimi si polisi wa mbao. Ninachomtaka ni dua. Amwombee yule mtoto dua ya mtoto, kama dini inavyotaka, basi.

"Nikisoma dua ya mtoto mchanga mbele ya Bakhit, mzee amesoma dini kuliko sisi wote, atajua papo hapo. Mtoto mchanga ana wajukuu?"

"Basi usisome jina."

"Bakhit anakuja kwa ajili ya jina hilo!"

Ndivyo alivyojifunga mwenyewe, na asitake kufunguliwa. Nikamwacha na watalii wake.

Shurooq alipotoka kazini nilimweleza, maana sikutaka asikie kwa mtu mwengine. Nilitegemea angecheka kama mimi. Hakucheka. Aliweka mkoba chini akanishika mikono yote miwili.

"Shangazi, nakuomba. Ngoja mpaka Jumamosi. Baada ya akdi sema utakalo, mwambie nani sijui, lakini Ijumaa usifungue mdomo. Mie nnamtaka Azzam. Wallahi nnamtaka."

Sijawahi kumwona akiomba hivyo, hata alipokuwa mdogo. Nilikasirika, nikamhurumia, nikamwahidi. Nikasema sitamwambia Sheikh Bakhit neno. Na ahadi yangu ni ahadi, Zahor mwenyewe hawezi kunipinga hapo.

Lakini msichana niliyemlea mimi hawezi kuacha jambo nusu. Jumatano alirudi mapema, akavua viatu, akaketi chini miguuni mwa Bi Mkubwa. Nilikuwa jikoni nakoroga uji wa ngano, mlango uko wazi.

"Bibi, huyo Zafarani ulimjua?"

"Nimelala naye kitanda kimoja mpaka nilipovunja ungo. Nisimjue vipi?"

"Alikuwa akimsema mtoto wake?"

"Kila siku ya Mungu."

Ndipo Bi Mkubwa alipoisimulia habari yake, nami nikauzima moto ili nisikie. Zafarani aliletwa Unguja kutoka bara angali mdogo, jina lake la kwao likapotea, akapewa hilo la kiungo. Alipozaa, desturi na sheria ya madhehebu yao wakati ule ilikuwa hivi: suria aliyemzalia bwana wake hauzwi tena. Bwana akifa na mtoto yuko hai, mtoto anamrithi mama yake katika mali ya baba, na mtu hawezi kummiliki mama yake, kwa hiyo mama anakuwa huru saa ile ile. Mtoto akitangulia kufa, mama anabaki mali, anagawiwa warithi pamoja na vitanda na saa za ukutani.

Na Jaifar alipofika mwezi wa saba, wote wawili waliugua. Mzee juu ghorofani, mtoto chini. Nyumba nzima ilikuwa ikiangalia nani atatangulia. Wako waliokuwa wakipita mlangoni kwa Zafarani kila asubuhi kuuliza hali ya mtoto, na haikuwa kwa huruma. Zafarani hakumweka mtoto chini siku kumi na moja. Hakutaka mtu mwengine amshike. Mtoto akashindwa kunyonya, mama akawa anamtonea maziwa kwa kidole, tone moja, anasubiri ameze, tone jingine.

"Alikuwa akiniambia," alisema Bi Mkubwa, "kwamba siku ya mwisho alimnong'oneza, mwanangu, kama umechoka nenda, mama hatakulaumu. Hakwenda. Alfajiri ya Alkhamisi wakasikia kilio juu. Mzee kafa. Mtoto yuko mikononi, anamtazama."

"Halafu?" Sauti ya Shurooq ilikuwa imeshuka.

"Akaishi siku tisa. Kisha akafa. Bibi akamzika, akaenda kwa kadhi siku hiyo hiyo na nguo za msiba mwilini, akamuuliza, mwanangu keshakufa, mie bado huru? Aliogopa watamrudisha. Kadhi akamwambia, nenda zako, hapana wa kukurudisha. Akatoka nje, hana pa kwenda, akakaa kizingitini akalia mpaka adhuhuri. Alikuwa akisema hakujua analia furaha au msiba."

Nilibaki nimesimama na mwiko. Nimesomesha na nimekagua, nimesoma vitabu vya historia vya mihula yote, na hapakuwa na mtu aliyeniambia kwamba mimi, na kaka yangu mwenye majivuno, na Shurooq na gari lake, tumesimama juu ya siku tisa za kitoto mgonjwa. Nililia pale pale jikoni, wala sioni haya kusema.

Shurooq alinifuata. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Orodha ushaimaliza?"

"Bado jina moja."

"Iandike kama ilivyo. Na mama yake umtie."

"Na Azzam?"

"Nimempigia simu nikiwa barazani, nimemweleza. Kasema yeye yuko, ila babu yake hawezi kumsemea." Akafuta pua kwa kiganja, kama mtoto. "Shangazi, tunamwombea msamaha kana kwamba yeye ndiye mkosa. Haiwezekani. Andika, baba ataamua mwenyewe."

Nikaandika: Jaifar, mtoto wa Zafarani, aliishi miezi saba. Chini yake nikaiandika dua ya mtoto kwa herufi kubwa, kwa sababu Zahor hapendi kuvaa miwani mbele za watu. Ijumaa asubuhi nikampelekea nyumbani kwake. Aliisoma mlangoni, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa kanzu. Hakunikaribisha ndani.

Baada ya sala ya Ijumaa tulijaa ukumbini. Wanaume upande wao, chini ya ubao, na wanawake upande wetu, ukuta katikati na spika juu ya mlango ili tusikie. Niliwahi kuchungulia kabla hawajakaa. Ubao ulikuwa umetundikwa kwa misumari minne, unang'aa, na Sheikh Bakhit, mzee mwembamba mwenye fimbo, alikuwa chini yake amenyanyua kichwa, anausoma tawi kwa tawi. Shurooq alikaa baina yangu na Bi Mkubwa, mikono ina hina.

Zahor akaanza. Mola amsamehe fulani, amin. Mola amsamehe fulani, amin. Baba yetu, mama yetu, mama yake Shurooq. Akafika kwa Asaad, sauti yake bado imara. Nikasikia karatasi ikikunjuliwa karibu na kipaza sauti.

Mimi namjua kaka yangu. Huongeza chumvi, hujaza mapengo, hupenda kutazamwa. Lakini hajaacha sala tangu ana miaka saba, na hajawahi kusema uongo akiwa amenyanyua mikono kwa Mungu. Nilimwomba Mungu awe bado ni mtu huyo. Shurooq alinishika kidole gumba akakibana mpaka kikaniuma.

"Jaifar," alisema Zahor. Hakutia Seyyid. "Mtoto Jaifar. Ewe Mola, mjaalie awe kitangulizi cha kheri, na akiba kwa mama yake. Mama yake, Zafarani. Mrehemu na umsamehe."

Wanaume walikuwa bado wanajiuliza kama wamesikia sawasawa.

"Amiin!" alisema Bi Mkubwa Mwanamize.

Alisema kwa nguvu zake zote za miaka tisini na tatu. Ilipita ukuta bila kuhitaji spika, na upande wa pili watu wakashtuka wakaitikia wote kwa pamoja.

Sheikh Bakhit alikuwa mtu wa kwanza kuzungumza, kwa Kiarabu cha milimani, polepole.

"Mtoto?"

"Mtoto," alisema Zahor. "Wa miezi saba."

"Na huu ubao?"

"Nimeuagiza mimi. Si kweli. Babu yetu ni Asaad, mpika halua. Bibi yetu alikuwa suria, na huyu ni mtoto wake wa kwanza."

Upande wa wanaume mtu mmoja alisimama, ami yake Azzam kama tulivyojua baadaye, tukasikia akivaa ndara zake na kwenda. Upande wetu mke wake naye alichukua buibui lake akatoka bila kuaga. Shurooq hakugeuza kichwa.

"Mtoto alikufa kabla ya baba yake au baada?" aliuliza Sheikh Bakhit.

Mzee amesoma, Zahor alisema kweli. Lilikuwa ndilo swali lenyewe.

"Baada. Kwa siku tisa." Na hapo sauti ya kaka yangu ilikatika, mbele ya watu wote aliotaka wamtazame. Kumbe usiku wa kuamkia siku hiyo alimpigia simu Bi Mkubwa mwenyewe, akasimuliwa yote, wala hakuniambia.

Tukasikia fimbo ya Sheikh Bakhit ikigonga sakafu mara moja.

"Uteremsheni ubao huo," alisema. "Sishuhudii akdi chini ya kitu kisicho kweli."

Misumari ikang'olewa, mmoja, wa pili. Ubao ukawekwa chini, uso ukutani.

"Haya," alisema mzee. "Mwiteni msomaji wa hutuba ya ndoa. Na huyo bibi aliyeitikia amin, mwambieni nitakuja kumsalimu baadaye."

Shurooq aliolewa saa tisa na dakika ishirini. Nilitazama saa kwa sababu ni tabia yangu.

Zahor hakusema nami wiki tatu. Nikamwacha, huwa anarudi. Siku moja nikasikia honi chini, nikatoka roshani, nikamwona amesimama karibu na pikapu, na ubao umelazwa nyuma umefunikwa shuka. Nikashuka. Akalifunua shuka kidogo, akaupangusa ubao vumbi kwa mkono wa kanzu yake, kanzu safi.

"Naupeleka Mutrah ukarekebishwe," alisema bila kunitazama. "Mwandishi anasema atamfuta Jaifar aanzie kwa Asaad. Wasemaje?"

"Jaifar asiguswe."

"Hana tawi, Balqis. Hana hata mtu mmoja chini yake."

"Asiguswe. Mwambie juu yake amwandike mama yake, kwa dhahabu ile ile."

Akaniangalia kidogo, akalirudisha shuka. Akaingia garini, nami nikafungua mlango wa pili nikakaa kando yake, maana bila ya mimi angeweza kuongeza kitu njiani.